Shamar Joseph ni nguvu za soda? Tubishane hapa mara moja

Mtoto wa Langoni (mwenye uzi)

Salaam aleikum wana jukwaa. Uzi ni mrefu. Mwenye haraka apite, mwenye kahawa akae.

Kila West Indies (timu moja ya kriketi ya nchi za Karibiani, Guyana ikiwamo) wakichapwa, humu huibuka watu na maneno yale yale: mrushaji wao Shamar Joseph ni nguvu za soda, alitikisa dunia siku moja Brisbane, Australia, basi. Wengi wasemao hivyo walimjua siku hiyo hiyo moja. Hawakumjua kabla na hawakumfuata baada. Nimechoka kuwajibu vipande vipande chini ya nyuzi za watu wengine.

Kwa wasiofuata kriketi (najua hapa Lamu tuko wachache, na wengine mwatazama tu kwa sababu simu ya mwenzenu iko wazi barazani): mrushaji wa kasi ndiye yule ajaye mbio kutoka mbali, akaruka, akauachia mpira mkono ukiwa umenyooka. Mpira una gramu 156 hadi 163, ngozi ngumu juu, si wa tenisi. Ukija kwa kilomita 140 kwa saa, mpigaji ana nusu sekunde hivi ya kuuona, kuamua na kupiga; ukigonga vijiti vilivyo nyuma yake, ametoka. Alama huitwa mikimbio, kumtoa mpigaji ni wiketi, mipira sita ni ova, zamu ni timu moja kupiga mpaka imalize, na Testi ni mechi ya siku tano. Nikiandika 5 kwa 94, ni wiketi 5 alizopata mrushaji kwa mikimbio 94 aliyotoa.

Haya. Shamar atoka Baracara, Guyana. Nyinyi mnaolalamika kwamba Kiunga ni mbali, sikilizeni. Baracara ni kijiji cha watu mia tatu na kitu kando ya mto Canje, na barabara haifiki. Waingia mashua New Amsterdam, wapanda mto kama kilomita 225. Intaneti ilifika huko 2018. Kijana alijifunza kurusha kwa ndimu na mapera, na kwa chupa za plastiki zilizoyeyushwa zikafinyangwa mviringo. Kazi ya wanaume wa pale ni magogo: kukata, kuvuta, kuelea nayo mtoni. Naye aliifanya, mpaka siku mti ulipoanguka ukamkosa padogo sana. Akahamia mjini, akafanya vibarua vya ujenzi, kisha akawa askari wa lindo.

Hapa ndipo masimulizi mengi huruka. Yatoka kwenye lindo yakatua moja kwa moja uwanjani Australia, kama kwamba kijana aliokotwa njiani. Sivyo. Romario Shepherd, mchezaji wa West Indies, ndiye aliyemfikisha kwa Esuan Crandon, kocha wa Guyana. Curtly Ambrose, mrushaji mkubwa wa zamani wa West Indies, na wazee mnamjua, alimwona kwenye mafunzo ya warushaji akamsifu. Mchumba wake akamhimiza aache lindo. Februari 2023 akaichezea Guyana mechi yake ya kwanza ya daraja la kwanza, yaani mechi za siku kadhaa, ngazi iliyo chini ya Testi. Mwaka huo huo Guyana Amazon Warriors, timu ya ligi ya Karibiani, wakamchukua awarushie wapigaji wao nyavuni, kazi ya mazoezini tu, jina lake halimo kikosini. Keemo Paul akaumia, nafasi ikapatikana, akaingizwa. Msimu huo Guyana wakabeba ubingwa wao wa kwanza wa ligi ya Karibiani.

Januari 2024 akaingia Testi yake ya kwanza Adelaide, Australia, akiwa na mechi tano za daraja la kwanza mfukoni. Tano! Mpira wake wa kwanza kabisa ukamtoa Steve Smith, mpigaji nyota wa Australia. Akamaliza zamu ile na wiketi 5 kwa mikimbio 94, na kabla ya hapo, akipiga wa mwisho, alikuwa ameongeza 36 kwa fimbo. Timu ilipigwa, lakini mtu alishaonekana.

Sasa Gabba, uwanja wa Brisbane, kwenye Testi iliyofuata. Hii nitaieleza kwa nafasi, maana ndiyo mnayoisema bila kuiangalia.

Siku ya tatu jioni Mitchell Starc, mrushaji wa Australia, alimpiga kidole cha mguu kwa mpira wa chini kabisa, wa kwenye viatu. Shamar akatolewa akishikiliwa. Picha za hospitali zikaonyesha hakuna mfupa uliovunjika, ila kidole kiliumia vibaya. Siku ya nne alikuja uwanjani kushangilia wenzake, nguo za kuchezea hakubeba. Daktari wa timu akamtazama, akampa dawa za maumivu, akaambiwa aingie. Tazameni ile shati aliyoivaa: ni ya Zachary McCaskie, na jina mgongoni limezibwa kwa mkanda. Australia walikuwa wakitafuta 216. Cameron Green na Smith walikuwa wamekaa, mchezo umetulia, wenyeji washaanza kuhesabu. Shamar akamtoa Green, mpira ukimgonga kiwiko ukaangukia vijiti. Mpira uliofuata ukamng'oa Travis Head kijiti, naye hata hajafungua hesabu. Kisha Marsh, Carey, Starc, Cummins. Alimwambia nahodha wake, Kraigg Brathwaite, kwamba atarusha mpaka mtu wa mwisho atoke, kidole kiume kisiume. Smith alibaki upande wa pili na mikimbio 91, hajatoka, akiangalia wenzake wakiondoka. Wa mwisho alikuwa Hazlewood, kijiti kikaruka, Shamar akakata mbio kuelekea ukingoni na timu nzima ikimfukuza. Wiketi 7 kwa 68, ova 11 na mipira 5. Ushindi wa mikimbio 8. West Indies hawakuwa wameshinda Testi Australia tangu 1997. Brian Lara, gwiji wa zamani wa West Indies, alilia kwenye chumba cha watangazaji, na mimi simlaumu.

Baada ya hapo ndipo neno la soda lilipozaliwa. Lucknow wa ligi ya India walimchukua badala ya Mark Wood kwa rupia milioni 30. Akacheza mechi moja, dhidi ya Kolkata. Ova yake ya kwanza ilikuwa na mipira kumi kwa sababu ya makosa, ikala mikimbio 22. Akamaliza ova 4 kwa 47 bila wiketi. Watu wakafunga daftari.

Daftari lenyewe halikufungwa. Agosti 2024, nyumbani kwao Providence, akachukua 5 kwa 33 dhidi ya Afrika Kusini. Juni 2025 Bridgetown, Australia tena: 4 kwa 46 zamu ya kwanza, 5 kwa 87 ya pili. West Indies wakapoteza zote mbili hizo. Mwezi uliofuata Kingston wapigaji wa West Indies wakatolewa wote kwa mikimbio 27. Ishirini na saba, timu nzima! Starc 6 kwa 9. Sasa mrushaji afanye nini hapo? Ashike na fimbo ya kila mtu?

Halafu Septemba 2025 jeraha likamtoa kwenye ziara ya India. Na hili ndilo nataka tulizungumze, kwa sababu ndilo lenye maana kuliko ile ova ya mipira kumi. Mrushaji wa kasi hapimwi kwa mechi yake bora wala kwa mechi yake mbaya. Apimwa kwa misimu ambayo mwili utamruhusu. Kila mpira, mguu wa mbele waupiga ardhi kwa uzito wa mwili wake mara kadhaa, huku mgongo umepinda na kujizungusha. Fanya hivyo mara mia kwa siku, siku baada ya siku, na mfupa wa kiuno huanza kupata ufa. Ufa huo huja polepole, kwa kawaida upande ulio kinyume na mkono wa kurushia, na hupona polepole zaidi.

Mfano mnaoupenda ni Pat Cummins, mrushaji wa kasi wa Australia, kwa hivyo tuuchukue. Novemba 2011 Johannesburg, umri miaka 18, akachukua 6 kwa 79 na akapiga mikimbio ya ushindi mwenyewe. Testi yake ya pili? Machi 2017, Ranchi. Zaidi ya miaka mitano katikati, mgongo. Kama jukwaa hili lingekuwa kama lilivyo leo, 2014 mngekuwa mmeshamzika. Mtu huyo huyo akawa nahodha 2021, na 2023 akabeba ubingwa wa dunia wa Testi na Kombe la Dunia mwaka mmoja.

Basi semeni. Nani bado asema soda?

Baharia wa Malindi

Yakhe umeandika, na Gabba umenirudisha. Lakini Cummins ni mtoto wa Australia. Mgongo ukimuuma, kuna daktari, kuna mkataba, kuna mshahara wakati amelala kitandani, na kuna mtu wa kumhesabia mipira. Shamar nyuma yake nani? Bodi ambayo kila mwaka twasikia imefilisika. Nionavyo mimi kijana atazunguka kwenye ligi za ova 20, Dubai, India, Karibiani, apate pesa zake miaka minne, basi. Na simlaumu. Mtu aliyevuta magogo umwambie nini kuhusu heshima ya Testi?

Mtoto wa Langoni

Hapo una hoja, siikatai. Lakini ongeza mawili. Moja, baada ya Gabba, West Indies walimpandisha mkataba mwezi uliofuata tu, Februari 2024, akawa mchezaji wa mkataba kamili wa kimataifa. Pili, mwenyewe alisema hadharani kwamba atakuwepo kuichezea West Indies hata pesa za kwingine ziwe ngapi. Maneno ni maneno, sawa, ila tangu hapo Testi amezicheza.

Na hizi ligi za ova 20 si pumziko kama mnavyodhani. Ni ova nne kwa mrushaji, mipira 24, ndiyo. Lakini ni mipira 24 ya nguvu zote, ndege usiku, mechi kesho kutwa, halafu wiki tatu hujarusha kitu. Mwili wa mrushaji wapenda kupanda ngazi kidogo kidogo. Kinachouvunja ni kuruka kutoka kidogo kwenda kingi ghafla.

Muulize Mayank Yadav, mrushaji wa kasi wa Delhi. Lucknow hao hao walimnunua 2022 kwa rupia milioni 2, bei ya chini kabisa. 2023 hakucheza, jeraha. Machi 30, 2024 akaingia dhidi ya Punjab, 3 kwa 27, mchezaji bora wa mechi. Siku tatu baadaye Bengaluru, 3 kwa 14, na mpira mmoja wa kilomita 156.7 kwa saa. India yote ikasimama. Mechi nne, akaumia tena. Oktoba akaichezea India kwa mara ya kwanza, Gwalior, dhidi ya Bangladesh, ova ya kwanza hakutoa mkimbio hata mmoja. Lucknow wakambakisha kwa mkataba wa rupia milioni 110. Msimu wa 2025 akacheza mechi mbili. Kisha kisu cha mgongo.

Mnaona pesa ilivyopanda na mechi zilivyopungua? Milioni 2 hadi 110, na mpaka msimu wa 2025 unaisha mwenyewe alikuwa hajafikisha hata mechi kumi za ligi. Huyo ndiye wa kumhofia. Shamar alikuwa na miaka 24 pale Gabba. Maoni yangu, na sina cheti cha daktari: kule kuchelewa kwake kumemsaidia. Miaka ambayo wenzake wa London na Johannesburg walikuwa wakirushishwa shuleni asubuhi, klabuni mchana na akademi jioni, yeye mifupa yake ilikuwa ikikomaa kwenye magogo.

Kipa wa Twaif

Hayo ya magogo nimeyapenda 😂 Sasa mtuambie, mbona kwetu hapatoki mtu? Vijana wa huku wana mabega, wavua samaki, wavuta tanga, wapanda minazi. Mto wa Guyana na mkondo wa Mokowe una tofauti gani?

Mtoto wa Langoni

Tofauti ni kule mto unakotokea. Shamar akiteremka Canje, mwisho wa safari kuna New Amsterdam yenye klabu, halafu Georgetown yenye timu ya taifa, halafu Karibiani yenye ligi. Wewe ukishuka boti Mokowe, kuna basi la Mombasa. Kiwanja cha kriketi cha kweli kilicho karibu nawe ni Mombasa Sports Club. Kipaji kipo, njia haipo.

Na usisahau Kenya ilikuwa nayo njia. Februari 29, 1996, Pune, Kenya iliwatoa West Indies kwa mikimbio 93, ikashinda kwa 73. Aliyemtoa Lara siku hiyo ni mrushaji wetu, Rajab Ali, na Tariq Iqbal kipa mwenye miwani akaudaka. Rajab alimaliza na 3 kwa 17. Kina Martin Suji na Thomas Odoyo nao walikuwemo siku hiyo. 2003 tukafika nusu fainali ya Kombe la Dunia, timu ya kwanza isiyocheza Testi kufika pale. Basi 2014 tukapoteza hadhi ya mechi za kimataifa za siku moja, na leo mtoto yeyote wa mtaani kwetu akisema ataka kurusha, mamake humuuliza kama ni mgonjwa. Uganda ndio walioenda Kombe la Dunia la ova 20 mwaka 2024. Jirani, tena mdogo wetu kwa mchezo huu. Inauma, lakini hongera zao.

Mama Shela

Samahani naingilia, mimi sijui kriketi, mwanangu ndiye ajuaye. Ana miaka 14. Alikaa Mombasa kwa ami yake huko akaipata hii kriketi, sasa amerudi nayo. Maji yakipwa tu yuko ufukweni na mpira wa tenisi aliouzungushia selotepu upande mmoja, arusha ukutani kwenye boma la mawe mpaka magharibi. Wiki hii asema kiuno chamuuma upande wa kushoto, yeye arusha kwa kulia. Nilidhani ni uvivu wa kwenda kisimani. Nimesoma hapo juu "upande ulio kinyume na mkono" nikashtuka.

Mtoto wa Langoni

Bi, hukosei kushtuka, na asante umeuliza. Kwanza apumzike. Asirushe kabisa mpaka maumivu yaishe, na aonwe na daktari, amwambie wazi kwamba ni mrushaji na maumivu yako upande gani. Asimwambie tu "kiuno". Huenda ni misuli tu. Lakini kwa umri huo, maumivu ya upande mmoja yanayokuja akirusha hayapuuzwi.

Akipona, apunguze. Uingereza wamekuwa na kanuni kwa watoto: mrushaji wa kasi wa chini ya miaka 15 asizidi ova 6 kwa mkupuo na 12 kwa siku. Hizo ni mipira 72, na wao wana makocha na viwanja. Mpira wa tenisi ni mwepesi, ndiyo, ila kiuno hakijui mpira una uzito gani, kinajua ameruka mara ngapi. Kurusha mpaka magharibi kila maji yakipwa ni nyingi mno.

Na mchanga. Mchanga mbichi mguu wa mbele huzama au huteleza, mwili ukajisahihisha kwa kujipinda. Mwambie arushe pale pagumu, na amwombe mwenzake ampige video kwa upande. Atazame pale anapotua: kama kiuno chaangalia pembeni na mabega yaangalia mbele, yaani amejinyonga katikati, hilo ndilo pozi baya linalovunja migongo ya vijana. Ama vyote viangalie pembeni, ama vyote viangalie mbele. Mengine atafundishwa.

Mpira wa tenisi wenye selotepu wanaucheza Pakistan nzima, na ukizungushiwa upande mmoja hupinda hewani. Kijana ana akili.

Mama Shela

Ahsante sana mwanangu. Kesho nampeleka. Yeye asema mwambie huyo mtu kwamba yeye si Shamar, yeye ni Maphaka wa Afrika Kusini, kwa sababu naye ni kijana.

Baharia wa Malindi

😂😂 Mtoto ana rekodi zake! Lakini Maphaka ni wa mkono wa kushoto, mwambie.

Kipa wa Twaif

Maphaka si yule aliyepigwa mikimbio 66 na Hyderabad?

Mtoto wa Langoni

Ndiye. Na ni mfano mzuri kuliko wote kwa mjadala huu. Kwena Maphaka, amezaliwa Aprili 2006. Mapema 2024 alikuwa mchezaji bora wa Kombe la Dunia la vijana, wiketi 21. Machi mwaka huo Mumbai wakamwingiza ligi ya India akiwa na miaka 17 dhidi ya Hyderabad, siku ambayo Hyderabad walipiga 277. Ova 4, mikimbio 66, wiketi hakuna. Mtoto wa shule! Humu ndani kuna uzi wa siku ile, nendeni mkasome mlivyomtukana.

Januari 2025 akaanza Testi Cape Town akiwa na miaka 18, mdogo kuliko Mwafrika Kusini yeyote aliyewahi kucheza Testi, na wiketi yake ya kwanza ni Babar Azam wa Pakistan. Agosti 2025 Darwin, 4 kwa 20 dhidi ya Australia. Huyu ndiye nitakayemtazama mgongo wake kwa wasiwasi kuliko Shamar, kwa sababu ana kasi ya mtu mzima na mifupa ambayo bado yakomaa. Wakimpa mapumziko anayopewa Bumrah, mrushaji wa India, atacheza mpaka 2040. Wakimpeleka kila ligi inayomwita, tutaonana hapa kabla ya hapo, na kuna mtu ataandika "soda".

Baharia wa Malindi

Mimi nimerudi nusu. Kwa Shamar nakubali si soda. Lakini sitakubali kwamba ni mkubwa mpaka anipe msimu mmoja mzima, nyumbani na ugenini, bila kwenda kwa daktari.

Mtoto wa Langoni

Hilo nalikubali bila kubishana. Msimu mmoja mzima. Na wapigaji wake wampe angalau mikimbio mia mbili ya kulinda.

Mama Shela

Tumetoka kwa daktari. Amesema apumzike, arudi tena baada ya wiki kadhaa atazamwe. Amenuna, lakini mpira nimeuficha mimi.